Siku Orodha Ilipokonda

Nilipokabidhi funguo za chumba cha kompyuta, vijana walioniaga walinipa keki, kadi na daftari tupu. Mmoja akasema, "Mama Nafula, tuandikie. Wewe ndiye wa mwisho anayejua kwa nini tunasomeana." Keki iliisha siku hiyohiyo. Daftari limekaa juu ya kabati miezi mitatu. Leo nimeliteremsha kwa sababu mvua imenifungia ndani hapa Mowlem na sina kisingizio kingine.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilikuwa vidogo na havina la kumfunza mtu. Nitaandika kuhusu miaka ile ya tisini, tulipokuwa wawili tu katika chumba kile, mimi na Mzee Musyoka. Mengine yaliyofuata mliyaona wenyewe.

Mimi nilisoma hadi kidato cha pili, kisha nikafanya kozi ya kupiga chapa. Miaka saba nilipiga chapa katika ofisi ya mawakili mjini, na huko ndiko nilikojifunza kusomeana. Hati ikishakamilika, msichana mmoja alisoma ya zamani kwa sauti, na mwingine akafuata ile mpya kwa rula. Tulisoma kila kitu: koma, nukta, mabano fungua, mabano funga. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya kuchekesha. Mteja aliyeingia ghafla angedhani tunasali kwa dini asiyoijua.

Shirika letu lilinichukua kwa sababu ya vidole vyangu. Lilikuwa na kliniki nne katika mitaa ya Eastlands, zote za kutibu kifua kikuu, na wafadhili walikuwa wamelipia kompyuta. Siku ya kwanza nilimkuta Musyoka ameketi mbele ya skrini yenye herufi za kijani, sweta begani, akila muhogo wa kuchemsha. Alinitazama mikono.

"Umekula nini asubuhi, mama?"

"Mandazi."

"Kanawe. Na sabuni. Mafuta ya mandazi yameua kibodi mbili hapa, na mimi ndiye niliyeandika barua za maombolezo kwa wafadhili."

Nilienda nikanawa. Tangu siku ile hadi nastaafu sikula mandazi kabla ya kazi. Ni hasara ndogo, lakini naitaja.

Musyoka alikuwa wa Machakos. Baba yake alichonga vinyago, ndugu zake walichonga vinyago, yeye akaajiriwa ukarani kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alikata kidole badala ya mti mara nyingi mno. Kompyuta alijifunza kwa vitabu vya mashine vilivyokuja ndani ya makasha. Alivisoma polepole, kamusi pembeni, kama mtu anayesoma barua ya mkwe.

Yeye ndiye aliyenieleza kazi. Hifadhidata, alisema, ni kabati la kadi za wagonjwa lililo ndani ya mashine. Hayo nyinyi mnayajua, lakini daftari hili litasomwa na watu wa nyumbani kwenu pia, kwa hiyo vumilieni. Ndani ya kabati hilo, mbali na kadi, kuna maagizo yaliyoandikwa mara moja na kupewa jina. Nesi wa kliniki akiandika lile jina, mashine inayafuata maagizo mstari kwa mstari na kumpa alichotaka. Maagizo marefu tuliyaita taratibu. Mafupi yanayorudisha jibu moja tu, kwa mfano siku ngapi zimepita tangu mgonjwa achukue dawa, tuliyaita fomula.

Utaratibu mkubwa kuliko yote uliitwa Wasioonekana. Kila Jumatatu asubuhi ulitoa majina ya wagonjwa ambao hawakuja kuchukua dawa kwa siku kumi na nne. Kliniki zilichapa orodha hiyo, na wahudumu wa kufuatilia wakaenda kwa miguu nyumba kwa nyumba. Dawa ya kifua kikuu haitaki kuachwa katikati. Mgonjwa aliyeiacha hurudi akiwa mbaya zaidi, au harudi. Asiyekuwa kwenye orodha hakutafutwa na mtu.

Sasa, ugumu wenyewe. Katika mashine yetu hukuweza kuingia ndani ya utaratibu ukarekebisha mstari mmoja na kutoka. Ulitakiwa kuufuta wote, kisha kuuandika wote upya kwa jina lilelile. Wa zamani hauachi hata harufu. Mara ya kwanza kufanya hivyo peke yangu nilibadilisha fomula ndogo tu, nikaijaribu, ikajibu sawasawa, nikaenda kunywa chai nikijisifu. Sikumaliza kikombe. Simu za kliniki zote nne zililia. Nesi mmoja alisema, "Mama, mashine inaniambia mimi si mtu wa hapa!"

Musyoka hakugombeza. "Umeizika fomula," alisema. "Sasa ruhusa zake zimezikwa nayo. Kwenu mtoto akizaliwa akapewa jina la babu, je, anapewa na kitambulisho cha babu?"

"Hapana."

"Basi. Huyu ni mtoto. Jina ni la babu, lakini ruhusa aombewe upya. Andika kila anayeruhusiwa kuiita, mmoja mmoja. Chai yako nimekunywa."

Baada ya hapo tuliweka desturi, nusu yake kutoka kwa mawakili na nusu kutoka kwake. Kabla ya kufuta utaratibu wowote, tunachapa ule ulio ndani ya mashine saa hiyohiyo. Mmoja anausoma kwa sauti, mwenzake anafuata mpya kwa rula. Tofauti yoyote tusiyoikusudia, tunasimama. Tukiridhika, tunafuta, tunaandika, tunatoa ruhusa, tunajaribu. Mwisho Musyoka aliubandika mpya kwa gundi katika kitabu kikubwa cheusi na kuandika pembeni, kwa mkono wake ulioinamia kushoto, nani aliomba badiliko na kwa nini.

Tulisomeana hivyo miaka mingi. Sauti yake ilikuwa nzito na hakuwahi kuharakisha koma.

Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa. Maji yaliingia vibandani, watu wakahama walivyoweza, wa Majengo wakaenda Kware, wa Kware wakaja huku Mowlem. Mwaka huohuo Musyoka alianza kupungua. Hakuniambia anaumwa nini na sikuuliza. Alikuja kazini siku tatu kwa wiki, baadaye mbili. Ijumaa moja nilikuwa nimeomba ruhusa niende kwa mkutano wa shule ya binti yangu Nafula. Alikuwa peke yake. Jumatatu hakuja. Jumatano mkewe alitupigia simu.

Tulimsindikiza hadi Machakos. Sitaandika habari ya mazishi. Nitasema tu kwamba niliporudi, kiti chake kilikuwa na sweta lake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliondoa. Lilikaa pale wiki sita.

Katika wiki ya pili Daktari, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wetu, alikuja na badiliko. Wahudumu walikuwa wakitumwa nyumbani kwa wagonjwa ambao kumbe wamelazwa hospitalini. Alitaka waliolazwa wasitokee kwenye orodha. Lilikuwa jambo la mistari miwili.

Sikuwa na wa kusomeana naye. Hilo ni kweli, lakini si lote. Ningeweza kumwita karani wa mapokezi, au mfagizi, yeyote anayejua herufi. Ningeweza hata kuchapa tu ule uliokuwa ndani ya mashine na kuusoma kimya. Sikuchapa. Nilifungua kitabu cheusi kwenye ukurasa wa Wasioonekana, nikaona mwandiko wake pembeni, nikaona afadhali nikae na ukurasa ule kuliko kuisikiliza printa katika chumba kitupu. Nikanakili kutoka kitabuni, mstari kwa mstari, nikaongeza miwili yangu. Nikafuta wa zamani. Nikaandika mpya. Nikatoa ruhusa kwa kila mtu, sikumsahau hata mmoja. Nikajaribu, ukafanya kazi.

Jumatatu orodha ilitoka fupi. Daktari alinishukuru mbele ya watu. Niliona ni sawa. Waliolazwa wametoka, na hilo ndilo lililotakiwa.

Wiki ya saba baada ya badiliko hilo alikuja Adhiambo. Huyu alikuwa mhudumu wa kufuatilia wa kliniki ya karibu na Gikomba, mwanamke mrefu wa Siaya mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alitupa orodha yake juu ya meza yangu.

"Mama Nafula, hii orodha unailisha nini? Imekonda kama ng'ombe wa kiangazi."

"Waliolazwa tumewatoa. Daktari alisema."

"Waliolazwa nawajua, ni watatu. Mimi nilizoea kutembea mpaka kiatu kinacheka. Sasa saa tano nimemaliza, narudi nyumbani, mume wangu ananiuliza kama nimefutwa kazi." Akavuta kiti. "Baba Mwende yuko wapi?"

"Nani?"

"Mchongaji wa Majengo. Aliyehamia Kware maji yalipomtoa. Huyo ni wangu, mimi humgombeza kila mwezi. Hajui kunywa dawa bila kugombezwa. Miezi miwili jina lake sijaliona."

"Kama jina halipo, basi anakuja kuchukua dawa."

"Nani anamwona? Nimeuliza kliniki yetu, hajaja. Nimeuliza kliniki ya kule, hawamjui."

Niliita kadi yake kwenye skrini. Dawa ya mwisho alichukua wiki tisa zilizopita. Hakuwa amelazwa. Alitakiwa kuwa juu kabisa kwenye orodha, na hakuwepo.

Nilitoa kabatini disketi za akiba, ambamo tulihifadhi nakala za kila mwisho wa mwezi. Nakala ya mwisho kabla ya badiliko langu ilikuwa ya siku chache baada ya mazishi. Niliuchapa utaratibu wa zamani kutoka humo, nikampa Adhiambo.

"Nisomee. Kila kitu, hata koma."

"Mimi niliishia darasa la saba."

"Inatosha."

Akasoma. Alisoma kwa kidole, akiapa kila alipofika kwenye mabano. Mimi nilifuata ule wangu kwa rula. Tulikwenda sawa mistari kumi na minane. Kisha akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi yangu.

"Rudia."

Akarudia. Ilikuwa mistari minne. Juu yake kulikuwa na sentensi ya kawaida, ile ambayo mashine huiruka na kumwachia binadamu: *Waliohama kwa mvua. Nitaandika kitabuni Jumatatu. M.*

Adhiambo aliinua macho. "Hii M ni nani?"

"Ni Mzee Musyoka," nilisema. Musyoka alikuwa ameona ambacho hakuna kati yetu aliyekiona. Utaratibu ulilinganisha kliniki aliyoandikishwa mgonjwa na mtaa anaoishi. Aliyehama mtaa hakulingana tena na kliniki yake ya zamani, na ile mpya ilikuwa haijamwandikisha, kwa hiyo hakutokea popote. Mistari ile minne iliwarudisha kwa mhudumu aliyewajua. Aliiweka Ijumaa ile, peke yake. Nami, nikinakili kitabu chake, niliifuta.

Siku hiyo tuliunganisha yote, mistari yake minne na yangu miwili. Tulisomeana mara mbili. Nilifuta, nikaandika, nikatoa ruhusa, nikaita orodha. Ilitoka na majina kumi na moja ambayo hayakuwepo asubuhi.

Nilimpelekea Daktari karatasi zote. Alizisoma akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya.

"Marehemu hakuandika kitabuni," alisema. "Hiyo ndiyo taarifa. Andika hivyo, Mama Nafula. Haimdhuru sasa."

"Kitabu ni nakala tu, Daktari. Tulikubaliana kusoma kilicho ndani ya mashine. Sikukisoma."

"Ulikuwa na msiba."

"Nilikuwa nao."

"Wafadhili watauliza jina."

"Yangu yako mawili na la baba. Yatawatosha."

Niliandika taarifa kwa mkono, kurasa mbili, kisha nikaipiga chapa. Niliandika pia kwamba Musyoka hakuingiza badiliko lake kitabuni, kwa kuwa ni kweli. Lakini niliandika kwamba kama ningechapa utaratibu uliokuwepo, kama nilivyofundishwa, ningeiona ile mistari. Daktari alitia sahihi. Adui wa kumchukia sikupewa, na hilo lilichosha zaidi.

Kesho yake niliomba kwenda na Adhiambo. Hakufurahi. "Kwa viatu hivyo?" alisema, lakini alinisubiri. Kware wakati ule ghorofa zilikuwa hazijaota. Yalikuwa mabati na matope. Msichana aliyekuwa akifua nguo kwenye njia alituona tukihesabu milango.

"Sasa mathe. Mnasaka nani?"

"Baba Mwende," alisema Adhiambo. "Mchongaji."

"Yule wa kukohoa? Ako hapo nyuma, mlango wa bluu. Lakini siku hizi hatoki."

Mlango wa bluu ulifunguliwa na Mama Mwende, mkewe, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliye katikati ya kazi. Nyuma yake mume alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, mabega yamesimama juu kama ya ndege aliyenyeshewa. Chini ya kitanda kulikuwa na beseni yenye majivu. Adhiambo hakuhitaji kuinama kuona makohozi ya damu yaliyokuwamo.

"Kwa hivyo umekuja," Baba Mwende alisema. Alipumzika. "Nimekungoja unigombeze."

"Nitakugombeza, ndugu yangu. Pumua kwanza."

"Nilikuwa nasikia viatu njiani. Namwambia huyu, hao ni wa kliniki. Wanapita." Akapumzika tena. "Nikasema labda sisi tuliohama wametuchoka."

Hapo nilipaswa kunyamaza, pengine. Sikuweza. Nikamwambia hawakuchoka. Nikamwambia kuna orodha, kwamba jina lake lilikuwamo, na kwamba mimi ndiye niliyelitoa bila kusoma. Adhiambo alinivuta mkono ninyamaze. Mwanamume yule alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kuniona wapi.

Mkewe ndiye aliyejibu.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa kompyuta."

"Basi hayo maneno utanimalizia siku nyingine. Sasa shika miguu, sisi tutashika mabega."

Tulimtoa. Majirani walileta mkokoteni wa maji, wakautandika godoro. Hakuwa mzito. Alilazwa siku hiyohiyo, wakaanza matibabu upya kuanzia sindano ya kwanza, kana kwamba miezi minne aliyokwisha kuzinywa zile dawa haikuwahi kuwepo.

Siku zile zilizofuata Adhiambo na wenzake waliwatafuta wengine. Mmoja walimkuta Majengo, amerudi palepale alipohamishwa na maji. Wawili walikuwa Mowlem, mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilikuwa nikinunua mboga za sukuma kwa mmoja wao. Polepole walipatikana wanane, wakawa tisa. Mimi nilirudi kwenye chumba changu. Karani wa mapokezi alikubali kuwa wa kusomeana naye, ingawa aliharakisha koma.

Baba Mwende alikufa wiki ya tano hospitalini. Pafu halikuwa limebaki la kutosha dawa kulifanyia kazi, ndivyo nesi alivyonieleza. Nilienda kwenye harambee ya kuchangia kumsafirisha kwao kuzikwa, nikaketi nyuma, nikaondoka bila kuzungumza na mtu.

Siku kumi na mbili baadaye, saa nne asubuhi, Mama Mwende alipanda ngazi hadi ofisini kwetu, ghorofa ya pili. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi na viatu vya heshima. Alileta kadi ya kliniki ya mumewe, akaiweka mezani, akaketi bila kuambiwa.

"Nimekuja unimalizie yale."

Nilimmalizia. Nilimwonyesha karatasi zote mbili, nikaweka rula chini ya ile mistari minne. Nilimwambia ni nani aliyeiandika na kwamba amekufa, na kwamba yeye ndiye aliyemweka mumewe kwenye orodha na mimi ndiye niliyemtoa. Nilimwambia sikuwa mgeni wa kazi, nilijua la kufanya, na siku ile sikulifanya. Nilimwambia kuhusu majina kumi na moja yaliyokosekana, na wiki saba ambazo orodha ilikuwa fupi na watu wakanishukuru. Yeye hakusoma Kiingereza kile cha mashine, lakini alifuata kidole changu hadi chini, kila mstari.

Nilipomaliza nilingoja matusi. Ningeyapokea, na nadhani yangenisaidia.

"Umesema walikuwa kumi na mmoja," alisema.

"Ndiyo."

"Wale kumi wengine mliwapata?"

"Tisa."

"Na mmoja?"

"Ni mwanamke. Alikuwa Majengo, akahama mara mbili. Mara ya mwisho alisemekana yuko Kware, upande wa machimbo. Adhiambo ameenda mara tatu. Bado."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia jina. Alilirudia taratibu, akikunja uso, kama anayepita mlango kwa mlango kichwani. Kisha akasimama, akajifunga kitambaa chake vizuri.

"Upande wa machimbo mimi huuza kuni," alisema. "Kuna mwanamke anakohoa huko, hujiita jina lingine." Akanitazama nikiwa bado kwenye kiti, rula mkononi. "Sasa mbona umekaa?"